Nilivyomfuata Mama Yako Kapsoya

Kapseret,
Jumamosi jioni.

Kwa binti yangu Linet,

Pokea salamu za baba yako, uzigawe nyumbani mwako bila kumruka mtu: Mulongo mume wako, na wajukuu wangu wote wawili, hata huyo mdogo ambaye mimi na yeye tunajuana kwa sauti tu. Natumaini baridi ya huko Kanada imelegea na kile kifua chako kimepata nafuu. Sisi huku mvua imetupata. Mahindi ya upande wa juu yameota vizuri, ya upande wa chini ndege wameyafukua na itabidi tupande tena. Yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Mdogo wako Brian hajambo, na mkewe Tabby hajambo. Tabby ndiye atakayepiga picha kurasa hizi akutumie kwa simu. Nimeandika kwa Kiswahili badala ya lugha yetu ili Mulongo asome mwenyewe, asingoje kutafsiriwa.

Mama yako yu hai. Nalisema hilo mapema usije ukaruka kurasa ukilitafuta. Amelazwa hospitalini mjini, ana dripu mkononi, na leo mchana alikunywa uji nusu kikombe.

Najua utaushangaa mwandiko huu. Uliambiwa baba yako hajui tena hata siku ya juma. Wewe uliambiwa na Brian, naye Brian aliambiwa na Matroni wa ile nyumba ya wazee ya Kapsoya; yaliyotokea tangu hapo nilimwomba Brian aniachie nikueleze mwenyewe. Nakuomba usome pole pole mpaka mwisho kabla ya kunipigia, kwa sababu kwenye simu nitalia, na pia kwa sababu siku hizi simu ikilia mwili wangu wote unashtuka. Hapa nilipo nimeweka kiti mahali ninapoliona geti. Gari likipunguza mwendo pale barabarani, kalamu inasimama mpaka lipite.

Unakumbuka tulivyofikia kumpeleka mama yako kule. Baada ya kile kiharusi cha pili alikuwa hawezi kusimama peke yake, na maneno yakawa yanamtoroka. Nilimtunza mwenyewe mpaka siku tuliyoanguka pamoja bafuni, mgongo wangu ukakataa, tukalala sakafuni mpaka mtu wa maziwa aliposikia nikiita. Ndipo wewe na Brian mkasema basi, Mum apelekwe mahali penye wauguzi. Nami nilikubali, Linet. Nilitembezwa ile nyumba ya Kapsoya na Matroni mwenyewe, nikaona maua, nikaona televisheni kubwa sebuleni na shuka nyeupe, nikasema moyoni kwamba Esther wangu atapumzika. Kwa hiyo usijilaumu peke yako. Sote tulipendezwa na shuka nyeupe.

Nilikuwa nikienda kumwona kila Jumanne na Jumapili. Mwanzoni alikuwa sawa. Kisha nikaanza kuona vitu vidogo. Siku moja alikuwa amevaa sweta isiyo yake. Siku nyingine kucha zake zilikuwa ndefu na zina uchafu, yeye aliyekuwa hawezi kupika chapati kabla hajakata kucha. Midomo ilikuwa imepasuka kama udongo wa Januari. Nilikuwa nimembebea maziwa lala kwenye chupa, nikamwekea mdomoni, akayanywa huku ameushika mkono wangu kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Nilipomuuliza Matroni, alinicheka kwa upole, akasema wazee hukataa maji, ndiyo tabia ya ugonjwa wenyewe, nisiwe na wasiwasi. Nikaamini. Yeye amesoma mambo ya wagonjwa, mimi nimesoma ng'ombe.

Halafu ikawa kila nikifika mama yako amelala. Mchana mweupe, amelala, mate yanamtoka, nikimwita haamki. Na sheria nazo zikabadilika. Sasa mgeni sharti apige simu kwanza. Sasa mgeni haingii vyumbani, anakaa sebuleni, mgonjwa analetwa kwa kiti cha magurudumu akiwa amefunikwa leso nzuri mpaka kifuani. Zile picha mlizokuwa mkitumiwa kwenye kundi letu la familia zilipigwa hapo hapo, kando ya maua. Wewe uliandika kwamba Mum anang'aa. Mimi siku ile ile nilijaribu kumsogeza kwenye kiti akae vizuri, akalia. Hakulia kama mtu anayedeka. Alilia kama mnyama aliyekanyagwa. Na chini ya manukato waliyompaka nilisikia harufu ninayoijua zizini, harufu ya nyama iliyo hai inayooza. Nikasema nataka kuuona mgongo wake. Matroni akaniambia siyo heshima, mgonjwa ana haki ya faragha. Aliniambia hivyo mimi, Linet, niliyemzika mtoto wetu wa kwanza pamoja na huyu mwanamke.

Hapo ndipo nilipowapigia ninyi. Brian akampigia Matroni, na Matroni akamwambia, kwa huzuni kubwa, kwamba hakutaka kutuumiza lakini Mzee naye ameanza kusahau. Eti nilikuja mara mbili kwa siku moja. Eti nawatuhumu watu wameiba sweta. Eti nilikutwa nikifungua mlango wa chumba cha mwanamke mwingine. Jambo hilo la mwisho lilikuwa kweli, nilikuwa nikimtafuta mama yako, kwa sababu walikuwa wamemhamisha bila kuniambia. Lakini tangu siku hiyo, nikizungumza nanyi, nilisikia mmebadilisha sauti. Mkawa mnaniambia, sawa Baba, tumesikia Baba, pumzika Baba. Ile sauti ya kumtuliza mtoto mwenye homa. Nikaogopa kuliko nilivyopata kuogopa maishani, na unajua nimeishi hapa Eldoret miaka ile mibaya ya mapigano. Zamani zile nilijua adui yuko upande gani wa barabara. Hii ilikuwa hofu nyingine. Kila neno la kweli nililolitoa lilihesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa wangu.

Na kulikuwa na hofu nyingine chini ya hiyo. Kila nilipolalamika, mimi nilirudi Kapseret, yeye akabaki mle. Jumapili moja niligombana na Matroni hadharani. Jumanne nilipofika nikaambiwa mama yako amehamishiwa chumba cha nyuma, kuna utulivu zaidi. Kwa hiyo nilianza kupima maneno yangu. Nikawa nasema asante. Nikawa namshukuru mtu aliyekuwa akimmaliza mke wangu, ili asimmalize haraka.

Nilimweleza mtu mmoja tu, Mzee Zachariah, yule mzee wa kanisa aliyesimamia mazungumzo ya mahari yako. Yeye aliniamini. Nilimwambia kwamba Matroni alikuwa ameshamshauri Brian anilete na mimi, tukae mume na mke pamoja. Nikamwambia nitaenda. Zachariah akaniuliza kama najua kwamba mlango wa kuingilia pale ni rahisi kuliko wa kutokea. Tukakubaliana kwamba nikishakuwa ndani majuma mawili, atakuja kunitembelea, nami nitamweleza niliyoyaona kwa macho, naye ataleta watu.

Basi nikaanza kusahau. Brian alipokuja kuniangalia, alinikuta nimevaa sweta nje ndani. Nikamuuliza kama ndugu yangu Lenny ameshafunga ng'ombe, na unajua Lenny amelala kaburini tangu Brian akiwa shule ya msingi. Mdogo wako aligeuka akatazama ukuta. Sikumwambia siri yangu kwa sababu uso wa Brian hausemi uongo, Matroni angeusoma. Na pia, nikwambie ukweli, niliogopa nikimwambia angesema, unaona sasa, huu nao ni ugonjwa.

Siku waliyonipokea walinichukulia simu, wakasema inaenda kuchajiwa ofisini. Kisha wakachukua viatu vyangu, wakanipa sandali nyembamba za mpira. Wazee wote mle hawana viatu. Nilidhani ni usafi, mpaka nilipotazama njia ya kuelekea getini na kuona imemwagwa kokoto kali. Mtu mwenye miguu ya kizee haendi mbali juu ya kokoto zile.

Na sikuwekwa chumba kimoja na mama yako. Nilipouliza, nikaambiwa Mama amelala. Nikauliza tena baadaye, nikaambiwa nimeshauliza.

Linet, mle ndani hakuna mtu aliyekuwa akipiga watu. Nataka ulielewe hilo, kwa sababu nilipokuwa nje nilikuwa nawaza fimbo. Walikuwa wasichana wawili tu kwa nyumba nzima ya wazee, wanapika, wanafua, wanaosha, wanakimbia. Anayeita anaitwa msumbufu, asiyeita anasahauliwa. Sahani ya ugali inawekwa mbele ya mtu asiyeweza kuinua mkono, na baadaye inaondolewa ilivyo, na msichana anasema, huyu leo hana hamu. Usiku unaanza jua bado lingali juu: chakula, vidonge, mlango. Vidonge nilivificha chini ya ulimi nikavitema. Lakini siku nyingine Matroni aligawa mwenyewe, akatuambia tufungue vinywa, na siku hizo nilimeza. Siku hizo sizikumbuki. Zipo siku nzima za maisha yangu mle ambazo sizikumbuki.

Chumba cha nyuma nilikifikia mchana mmoja wafanyakazi wote walipokwenda kupokea gari la kuni. Kiko baada ya stoo. Nilimkuta mama yako juu ya godoro lililovikwa plastiki, amelala chali kama alivyowekwa, nzi wanamtembea usoni na mkono mmoja unajaribu kuwafukuza bila kufika. Nilimgeuza kidogo. Hapo juu ya makalio, ngozi haikuwapo. Kidonda kilikuwa kikubwa kuliko kiganja changu, kingo zake nyeusi, na ndani nikaona kitu cheupe ambacho sikutaka kujua ni nini. Visigino vyote viwili vilikuwa hivyo hivyo, vidogo zaidi. Nilimwamkia kwa lugha yetu, nikamwambia, "Chamgei." Akafungua macho. Akanijibu kama inavyopasa mtu kujibiwa. Kisha akasema, "Bei. Bei."

Mulongo, wewe huijui lugha yetu, kwa hiyo nakueleza. Kwetu sisi, bei ni maji.

Msichana mmoja akatokea mlangoni, anaitwa Ciku, ametoka upande wa Nakuru, na kwake kila bibi ni shosho. Aliponiona pale alishtuka, kisha akatabasamu kwa uchovu, akasema, "Haya, shosho ameanza tena. Huyu shosho kila saa anauliza bei. Anadhani ako soko."

Nilisahau kwamba mimi ni mgonjwa. Nilimwambia, kwa sauti yangu yenyewe, kwamba mke wangu hayuko sokoni. Nikamwambia neno hilo maana yake nini.

Ciku alisimama na beseni mkononi. Kisha akaketi sakafuni palepale. Akasema, "Haki ya Mungu, Mzee, sikujua. Mimi nimekuwa nikimjibu. Nikimwambia hamsini, shosho. Mia, shosho. Ili acheke."

Nilimwambia alete maji. Akaleta. Mama yako alikunywa mpaka nikaogopa atapaliwa, akapumzika, akanywa tena. Ciku akaniambia huku akilia kwamba wana amri ya kutowapa wazee wa vitandani kitu cha kunywa baada ya chakula cha mchana, kwa sababu anayekunywa atakojoa, na akikojoa, nani wa kumbadilisha? Alikuwa amelikubali jambo hilo kama unavyokubali kwamba kuni huisha. Nami nilipomtazama, nikatambua nilichokifanya. Mtu mmoja katika nyumba ile sasa alijua kwamba akili zangu ni timamu, naye ni mtu anayemtegemea Matroni kwa mkate wake.

Siku zilizofuata nilizipitia kama mtu aliyeketi chini ya ukuta uliopasuka. Kila Ciku alipoingia ofisini niliutazama mlango mpaka atoke. Kila nilipoletewa uji niliunusa. Lakini hakusema. Badala yake nikawa namwona, jioni, akipita kwenda nyuma na kikombe chini ya aproni yake.

Zachariah alikuja kama tulivyoahidiana. Nilikuwa sebuleni, nikaisikia sauti yake getini. Nikamsikia Matroni akimwambia Mzee Kiptoo ana mafua makali, amelala, wageni wamekatazwa wasimwongezee. Zachariah akabishana kidogo. Nilitaka kupiga kelele, mdomo ukafunguka. Kisha nikawaza kwamba nikipiga kelele nitakuwa mzee mmoja zaidi anayepiga kelele, na mle ndani wapo wengi, na hakuna anayegeuka. Nikaufunga mdomo. Nikasikia pikipiki yake ikiondoka, ikipungua, ikipungua. Jioni ile niliamini kwamba mimi na mama yako tutatolewa pale kwa jeneza, mmoja baada ya mwingine, na ninyi mtaandika kwenye kundi kwamba sasa wamepumzika.

Ni Ciku aliyetuokoa. Aliniinamia kana kwamba ananifunga kifungo, akaniuliza kama kuna mtu anayeweza kumpigia kwa simu yake mwenyewe. Nilimtajia namba ya Zachariah kutoka kichwani. Ciku akampigia, akamweleza jambo moja la maana: kwamba Matroni hamkatalii kamwe mgeni wa kanisa anayekuja na wenzake na zawadi, kwa sababu anapenda picha.

Jumapili iliyofuata wakaja akina mama wa kanisa, wakiongozwa na Mama Eddah, yule anayeuza nafaka Munyaka, mnene, wa sauti kubwa. Walileta sukari, sabuni na blanketi. Tuliogeshwa mapema, tukapangwa sebuleni. Wakaimba. Matroni akapiga picha. Mama yako hakuwa pale, na Matroni alipoulizwa kama wazee wote wapo, akasema ndiyo, wote isipokuwa mmoja anayepumzika. Kisha Mama Eddah akasema wangependa mmoja wa wazee wenyewe aombe kabla hawajaondoka, na akanitazama mimi. Matroni akasema kwa upole kwamba Mzee huyu bahati mbaya hana kumbukumbu. Mama Eddah akajibu kwamba Mungu anazo za kutosha. Wote wakafumba macho.

Nilisimama nikashika kiti cha mbele. Nilianza kama kila mtu anavyoanza. Nikamshukuru Mungu kwa wageni, kwa sabuni, kwa mvua. Kisha nikasema, "Na wewe, Bwana, usiyezuiwa getini, unamwona Esther mke wangu katika chumba cha nyuma, mlango wa mwisho baada ya stoo. Unakiona kidonda kilicho mgongoni mwake mpaka mfupa. Unajua kwamba anaomba maji kwa lugha ya mama yake na hapewi."

Matroni akasema "Amina!" kwa nguvu.

Nikasema, "Bado, Bwana, sijamaliza." Maana maombi ya mzee hayakatwi, Linet, hata yeye alijua hilo, na picha zilikuwa bado zinapigwa. Nikaendelea. Nikamweleza Mungu habari ya viatu. Nikamweleza habari ya vidonge na ya sahani zinazoondoka zilivyokuja. Nikamtajia wazee waliokuwa karibu yangu kwa majina yao, mmoja mmoja, na kila mmoja anaumwa wapi. Nilisikia mtu akianza kulia. Nikamwambia Mungu kwamba mimi Isaiah Kiptoo ni mzima wa akili, na kwamba ikiwa nasema uongo, wageni hawa waende wakaangalie chumba hicho wasikute mtu, kisha mimi nipigwe na radi. Nikasema Amina. Nilipofungua macho, kiti cha Mama Eddah kilikuwa kitupu.

Tulimsikia kabla hatujamwona. Alipiga ukelele mmoja tu kule nyuma, kisha akaanza kuwaita wenzake kwa majina. Matroni alisimama mlangoni akisema hakuna mgonjwa anayetolewa bila idhini ya aliyetia sahihi. Mama Eddah akaniomba namba ya Brian, akampigia kwa video, akamwonyesha mgongo wa mama yake. Sikuuona uso wa Brian. Nilisikia tu akisema, "Mtoeni. Mtoeni sasa hivi." Walimbeba na godoro lake wakamweka nyuma ya pikapu, akina mama wameketi pande zote wamemshikilia, na mimi bila viatu vyangu katikati yao.

Daktari anasema damu yake ilikuwa imeingia sumu ya kidonda, na siku chache zaidi zingetosha. Anasema kitachukua miezi, na hakuahidi. Maafisa wa kaunti walifika Kapsoya siku iliyofuata. Jamaa wa wazee wengine nao wakaja kuwachukua watu wao, na mmoja hakuwa wa kuchukuliwa tena. Ciku ameandikisha taarifa polisi. Hana kazi sasa, anakaa kwa Mama Eddah.

Ningependa kuishia hapa. Lakini juzi gari lilisimama getini kwangu. Alishuka mwanaume mwenye suti, akasema yeye ni wakili wa Matroni. Hakunitisha kwa sauti. Aliniuliza kwa adabu, utasimamaje mahakamani, Mzee, na watoto wako wenyewe ndio waliosema akili yako imeharibika? Akasema Matroni anakumbuka vizuri simu uliyonipigia wewe, Linet, kwa sababu alikuwepo. Akasema huenda akakupigia na wewe akuombe uthibitishe. Ndiyo maana ninakuandikia leo, ili nikufikie kabla yake.

Ile simu niliiruka hapo juu kwa makusudi, maana mkono ulikataa. Sasa niiseme. Ilikuwa siku chache baada ya kukiona kile kidonda. Matroni aliniletea simu imewekwa sauti ya juu, akasimama nyuma yangu, mkono wake begani kwangu. Wewe ukasema, "Baba, ni mimi, Linet." Nikakuuliza, Linet gani. Ukaniambia, Linet wako, Baba, binti yako. Nami nikakwambia sina mtoto wa kike. Nilikusikia ukivuta pumzi. Nilikusikia ukijaribu tena, ukinitajia nyumba yetu, ukinitajia mama yako, na mara zote nikasema sijui. Kisha ukalia mpaka Mulongo akaichukua simu mkononi mwako.

Nilikujua, binti yangu. Nilikujua kabla hujasema neno, nilivyosikia unavyovuta pumzi. Ule mkono begani ulikuwa unanipima, na kama ningekuita jina lako, mkono huo ungekwenda chumba cha nyuma kumlipiza mama yako. Nimekamua ng'ombe, nimezika mtoto na ndugu, sijawahi kufanya jambo gumu kama kukukana. Nisamehe. Na wakili yule akikupigia, mwambie ukweli kama ulivyousoma hapa.

Lakini kuna na lingine, na hili sijamwambia hata Brian. Jumatano iliyopita nilikuwa nimekaa kando ya kitanda cha mama yako. Nesi akaja na karatasi akaniuliza jina la mgonjwa. Nikafungua mdomo. Hapakuwa na kitu. Nilimtazama usoni mwanamke huyo, nikajua kila kitu chake, kovu la kidevuni, jinsi anavyopenda chai, lakini jina lake halikuwapo mahali linapokaa. Nilingoja. Nesi akangoja. Ilinibidi nisome kwenye kadi iliyoning'inia kitandani. Hakukuwa na mtu wa kudanganywa pale, Linet. Sikuwa naigiza. Sijui kama ni vile vidonge, au ni uchovu, au ni kwamba Matroni aliuita ugonjwa kwa uongo nao ukaitika. Hilo ndilo linaloniamsha, kuliko gari lolote getini.

Nimemwomba Zachariah anipeleke kwa daktari wa kichwa Jumatatu. Majibu nitawaambieni mwenyewe, mazuri au mabaya. Kama ni mabaya, msinionee aibu na msinidanganye. Niulizeni ninachotaka wakati bado naweza kujibu. Na popote mtakaponiweka, njooni bila kupiga simu kwanza, mfunue blanketi, mtazame visigino vyangu. Nikilalamika, niaminini kwanza, mchunguze baadaye. Na ikitokea siku moja umenipigia, nikakuuliza tena wewe ni nani, na safari hiyo hakuna mkono wa mtu begani kwangu, usikate simu. Niambie jina lako, kisha endelea tu kunisimulia habari za watoto. Mimi nitakuwa nasikiliza.

Msalimie sana Mulongo, umwambie nimemshukuru kwa kuichukua ile simu. Wabusu watoto. Mama yako leo nilimsomea jina lako, akageuza kichwa. Mungu awalinde huko mliko, nasi atulinde huku tuliko, mpaka tuonane uso kwa uso.

Ni mimi baba yako mzazi, anayekujua,
Isaiah Kiptoo.